Futi Mia Mbili, Kiboriloni

Nimelifungua kasha kwa bisibisi ya cherehani ya mama,
nikapuliza vumbi la misimu mitatu,
nikachomeka kadi ya picha, bei yake baiskeli yangu.
Feni inanguruma kama mashine ya kusaga.

Jana Mlima ulikuwa kichuguu cha kijivu,
ndege ikiruka kwa kwikwi.
Leo theluji ina mikunjo.
Napunguza vivuli, joto lishuke:
nyuzi themanini na moja. Sabini na nne.
Afadhali.

“Ndeonasia, paa letu lipo?”
Nainamisha bawa. Migomba, migomba tu,
na penye nyumba yetu, mti usiokuwepo.
“Basi shuka kidogo,” anasema,
akivuta kigoda.

Umeme unakatika.
Gizani feni bado inazunguka, polepole.
“Tumeanguka?”
“Bado.”