Pumzi ya Kuvuta Ndani

Jina lake tulidhani kalipatia hapa Ahero:
Kuwabara. Kuwa bara.
Mzee Ogolla wa mizani alicheka hadi akakalia gunia.

Siku ya kwanza aliniuliza choo kiko wapi.
Nikamwonyesha kwa midomo,
kama mtu yeyote mwenye daftari mkono huu, kalamu mkono huu.
Uso ukamwiva. Akatazama viatu vyake.
Nilielewa miezi mitatu baadaye, usiku, kitandani,
nikacheka nikamwamsha mtoto.

Akisema "mimi" aligusa pua.
Watoto wa kinuni wakaamua kwamba kwao roho hukaa puani.
Lakini alipowaita kwa kiganja kinachotazama chini,
vidole vikikwaruza hewa,
walimjia mbio: ndivyo mama zao wawaitavyo.

Simu ya Osaka ilipolia, aliinama.
Mbele yake chenga za mchele na paka, basi.
"Hai, hai," akasema, akainama tena.
"Nani huyo aliye hai?" Mama Obura akauliza.
"Na kwani anamwona?"

Niseme habari ya Mama Obura.

Tuliomba chekeche jipya la mashine kabla ya masika.
Kuwabara aliitikia bei kwa kichwa,
akaitikia tarehe kwa kichwa,
akaitikia hata kikohozi cha Mzee Ogolla.
Jioni ile kuku watatu walichinjwa.
Kumbe kichwa kilikuwa kinasema: nasikia, endelea, nipo.
Ndiyo hakikuisema hata mara moja.

Kesho yake Mama Obura akamfuata: lini?
Akalaza shingo upande, akafinya jicho,
akavuta hewa kati ya meno:
sssss.

Mnaijua sauti ile.
Kwa sauti ile mimi nimefukuzwa ukweni, Luanda, na mvua ikinyesha.
Mama Obura, miaka sitini na minane,
alijitwika mpunga wake mwenyewe, akaenda kukoboa Awasi.

"Umemsonya mama wa watu," nikamwambia stoo.
Nikamsonya, aone.
Akaziba mdomo kwa mikono miwili.
Kisha akaandika katika daftari langu, herufi kubwa, chini ya hesabu ya magunia:
NI NGUMU. NAONA HAYA KUSEMA HAPANA.

Jumapili tulikwenda kwa miguu, juu ya tuta la mfereji.
Mimi nilikwenda kutafsiri. Sikutafsiri kitu.
Aliinama, wala si kama kwa simu;
aliinama nikahesabu michirizi ya jasho mgongoni mwa shati,
nikamaliza, nikaanza upya, bado yuko chini.
Mama Obura alipangusa unga kwa leso.
Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko,
kama anavyompa askofu.
"Mwambie ainuke," akasema. "Uji unapoa."

Chekeche halijafika hadi leo. Hilo nalo niliandike.

Mwaka jana alipiga simu kutoka kwao.
Tukaiweka juu ya mizani, sauti yote, laini ikikatika.
Mzee Ogolla alisema haloo mara sita.
Mama Obura hakusema kitu.
Akafunga leso vizuri, akasogea,
akaiinamia mizani polepole, mkono kiunoni.

"Kwani anakuona?" nikamwuliza.

Akanionyesha mlango
kwa midomo.