Pimbi

Ada ilikuwa elfu themanini na tano,
chai na sambusa mbili zikiwa humo humo.
Tukavua viatu, ghorofa ya pili, Capri Point,
tukalala chali juu ya mikeka ya plastiki
kama sangara mezani kwetu kiwandani
wakisubiri kutolewa mabondo.

Bi Kokuhirwa akazima taa.
Ngoma ikalia kutoka kwenye spika ndogo,
ndu-ndu-ndu-ndu, ngoma isiyo na kwao,
sijui iliwambwa ngozi ya mnyama gani.
“Shukeni,” akasema. “Kuna shimo. Ingieni.
Atakayekujia mara tatu, huyo ndiye wako.
Usimchague. Usimkatae.”

Nikashuka.
Shimo langu lilinuka mkojo mkavu na jua la saa saba,
nikalitambua: ule ufa wa jabali
nyuma ya nyumba yetu, Mabatini,
tulikozoea kuanika dagaa.

Akatoka yeye.
Mnene, wa kijivujivu,
masikio kama vifungo vya koti.
Nikageuza uso. Akaja tena.
Nikaomba kimoyomoyo: basi hata fisi maji,
hata mnandi anayetanua mbawa juu ya jiwe zikauke.
Akaja ya tatu, akakaa,
akatafuna kitu.

Taa zikawashwa, tukaketi duara.
Daktari wa meno alipata chui.
Mwanasheria alipata tai, akalia kidogo, akafuta miwani.
Kijana wa benki alipata simba wawili
na hakuna aliyemuuliza kwa nini wawili.
Ikafika zamu yangu.
“Pimbi,” nikasema.

Mtu akachekea puani.
Mtaani kwetu hilo ni tusi,
unamwita hivyo mtu usiyemhesabu.
Bi Kokuhirwa akafungua kitabu chake cha wanyama,
akapitisha kidole kwenye P, chini, juu, chini tena.
“Labda alikuwa sungura,” akasema kwa upole.

Hakuwa sungura.

Nikarudi kwa miguu, bega la kulia ziwa,
la kushoto mawe yaliyobebana,
na hapo ndipo Bibi Nyanzobe aliponijia,
yeye aliyekuwa wa chama cha nyoka,
aliyejivisha chatu shingoni kama mtandio
na kunicheka nilipokimbilia chooni.
Siku mikia ilipogawiwa, alikuwa akisimulia,
mvua ilinyesha. Pimbi hakutaka kulowa.
Akachungulia mlangoni, kila apitaye akamwambia:
*Nichukulie na wangu.*
Wote wakaitika.
Hapo Bibi alikuwa akinyamaza, anachokonoa meno,
nasi tunasubiri mwisho, na mwisho ndio huo.

Alipofariki, huko Magu, masika,
nilituma laki mbili kwa simu, na ya kutolea.
Nilimtuma Sayi anipigie picha ya kaburi.
Nilimtuma shemeji aseme nimebanwa na kazi.
Na leo nimemlipa mama wa Bukoba
anipigie ngoma,
naye kaituma spika.

Nilipofika nyumbani mawe bado yalikuwa na joto.
Alikuwepo, palepale juu ya ufa,
wa kweli, au wote wawili, sikujua namna ya kuwatenganisha.
Nilidhani nitamwambia neno.
Sikupiga goti, sikuwasha ubani,
nilisimama tu na viatu vyangu vya ofisini.
Akanitazama kama mwenye nyumba
anavyomtazama mpangaji wa mwezi wa tatu.
Kisha akageuka kuingia ndani,
na pale ambapo mkia ungekuwa
palikuwa na manyoya, basi.

Kesho napima samaki mpaka saa nane.
Kesho kutwa mvua, wanasema wa hali ya hewa,
na barabara ya kuingia kijijini kwa Bibi
ni tope jeusi linalovua mtu viatu.

Nimeshatoa mabuti.
Yako mlangoni, yameelekea nje.