Kati

Nyuma ya kalenda ya benki Bi Mbeleje anapanga safari
ambayo hatasafiri yeye.
Nyemo yuko Malta, mwaka wa pili wa uuguzi;
Jumamosi na wenzake wamekodi gari,
wavuke kwa pantoni hadi Gozo, warudi usiku.

Kuamka: saa kumi na moja, si kumi na moja na nusu.
Mafuta mjaze Ijumaa.
Pantoni ya kwanza ikijaa, ngojeni ya pili,
msigombane na mtu.
Khanga. Karanga. Limau la kichefuchefu.

"Mama, ni dakika ishirini na tano tu."
"Maji ni maji," anajibu,
yeye ambaye maji mengi aliyopata kuyaona
ni ya Mtera, dirishani, basi likienda Iringa,
na hata hapo alifumba macho.

Huku Chang'ombe bomba limekauka tangu Jumanne.
Madumu yamepanga foleni bila wenyewe.

Sisi Kanda ya Kati, nyie Bahari ya Kati,
anaandika, anafuta,
kisha chini kabisa, palipobaki nafasi:
mkifika katikati nipigie,
usiseme kitu,
shusha simu karibu na maji.