Neno la Sita

Daktari wa Chake kaniuliza maneno.
Si yangu, ya Haitham.
"Miaka mitatu kasoro mwezi.
Anasema mangapi?"
Nikafungua kiganja, cheusi kwa utomvu wa makonyo,
nikahesabu kama mwenye deni dukani:
maji, pipi, hapana, tena.
Na baba. Baba anaiambia simu,
baba yake yumo humo, kila Ijumaa
anatokea kutoka Maskati, anakwama, anakatika.
Na faivu, foo, thrii,
hesabu ya kusubiri tangazo lipite.
Nikayatia nayo. Nikaona haya, nikayatoa.
Mwanangu anahesabu kurudi nyuma,
kwenda mbele hajui.

Matano, basi.
"Mama" halimo. Hilo hakuniuliza.

Sikumwambia habari ya jamvi.
Mwaka huu mikarafuu ya Mzambarauni imezaa mpaka matawi yanalia,
na mchambuaji hulipwa kwa pishi,
hajalipwa mtu kwa kuongea na mtoto.
Magunia yanashuka saa tisa.
Karafuu mbichi haingoji, ikilala guniani huchemka yenyewe.
Kwa hiyo simu.
Simu yenye ufa, bando la elfu moja,
na mtoto anakaa.
Anakaa, jamani! Mtu mzima hakai hivyo.
Inzi anatua kwenye kope, hapepesi.
Kuku anampita mapajani, hamwoni.
Nikimwita mara ya kwanza nasingizia upepo,
ya pili nalisingizia sikio,
ya tatu simwiti:
karafuu huku, makonyo huku,
karafuu huku, makonyo huku.
Mikono miwili iliyo huru,
ndiyo niliyoinunua kwa elfu ile,
nikaona nimepata rahisi.

Usiku halali.
Kidole kinatelezesha chandarua, juu, juu,
kama kuna kingine chini yake.

Idi, bibi yake Bi Mize akaja kutoka Konde
na mkate wa ufuta ndani ya kitambaa.
Akamwinamia. Haitham akanyanyua kidole,
akakiweka kwenye kidevu cha bibi,
akakipandisha taratibu mpaka kwenye paji.
Bi Mize akacheka, machozi yakamtoka:
"Ananipapasa! Damu inaijua damu."
Mie nikajua anampitisha.
Anamtaka anayefuata.
Nikasema, "Ndiyo, mama. Damu."

Daktari hakunigombeza.
Kaandika kikaratasi: *zungumza naye.*
Nikakigeuza nyuma kutafuta
mara ngapi kwa siku.

Jana umeme ukakatika Wete nzima tangu alfajiri.
Simu ikazima mkononi mwake.
Alilia kama aliyefiwa, akajipigiza sakafuni, akaniuma bega.
Kilio hakikunyamazishwa, kiliisha
kama gunia linavyoisha.
Akaja jamvini kwa magoti,
akavitizama vidole vyangu.
Havina muziki, havina rangi,
ila vinakwenda.
Akachukua kichala cha karafuu,
akakigonga kwa kidole. Hakikubadilika.
Akakigonga tena.
Akakitia mdomoni.

Uso ule, ungeuona!
Akatema, akafuta ulimi kwa kiganja,
kisha akanitizama, mie, machoni,
akasema: "Kali."

Gunia zima likanipita.
"Kali," nikasema. "Eee, kali."
"Kali."
"Kali kweli, baba."
Nani kamfundisha? Sijui.
Pengine mie mwenyewe, siku moja,
nikiipuliza chai bila kumtizama,
na neno likaingia, likakaa kitako humo ndani
likingoja kimya.

Leo umeme umerudi.
Magunia matatu yanakuja, Bwana Shaame anataka pishi zake kabla ya magharibi.
Simu iko juu ya kabati, imejaa chaji,
nimeifunika kwa kanga.
Haitham anajua ilipo.
Amesimama chini yake, shingo juu,
anasema, "Tena. Tena."
Sijaishusha.
Saa tisa bado haijafika.