Kiti cha Kinanda

Kinanda chenyewe mchwa walishakimaliza.
Tulinunua kiti peke yake, mnadani,
nyuma ya maduka ya vitambaa, Makoroboi.
Shangazi Kwandu alikitaka
cha kukalia akipaa sato.

Kufika Kirumba, kifuniko kikafunguka. Ndani: karatasi,
noti zimejaa kama kumbikumbi walionasa kwenye waya,
mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja,
jina la karani wa meli, Mgoa, kwa wino wa zambarau,
na picha ya jumba la michezo huko Nyuyoki
lenye taa nyingi kuliko Mwanza nzima ya siku zile.

Noti nazisoma kidogo, kwaya ilinifundisha.
Nikaimba kwa kupapasa:
mwezi, mto, msichana wa kusini,
mwezi tena.
Watu wana taa barabara nzima
na kila ubeti wanaazima mwezi.

"Mbona hamchomi mtu?" shangazi akauliza.
Yeye alikulia kwa Bagika,
ambako manju asiyejua kumkata mpinzani
huvuliwa njuga mchana kweupe, wakwe wakitazama.

Nikageuza jalada.

Mwanamume amepiga magoti, glavu nyeupe,
mikono kama anamdaka mtoto anayeanguka darini.
Midomo imechorwa ikaupita uso.
Uso wote masizi, ya kizibo kilichochomwa,
ila pale glavu ilipoishia
mchoraji alisahau: ngozi ya waridi.

"Anamwigiza nani?"

Sato alikuwa bado anafumbua mdomo kwenye beseni.

"Sisi," nikasema.

Alicheka. Alicheka mpaka magamba yakamruka kangani.
Kisha akaufuta ule uso wa kisu, pande zote mbili, polepole.
"Mimi nimejipaka chokaa," akasema, "nikiwa msichana,
nikafungwa tumbo la mto wa kulalia, nikawa Bwana Shauri,
nikatembea hivi, watu wakaanguka chini kwa kicheko.
Lakini Bwana Shauri angeweza kunifunga.
Huyu amemwigiza mtu asiyeweza kumfunga."

Chini kabisa palikuwa na karatasi moja, imeliwa pembe.
Mtu mwingine, masizi yaleyale, midomo ileile.
Huyu sikio lake walilisahau,
na sikio lilikuwa jeusi, la kuzaliwa nalo,
jeusi tulivu, tofauti na lile la kizibo.
Nikamwonyesha.
Mweusi, akapakwa weusi, ndipo akafunguliwa mlango.

Shangazi hakusema neno.
Akanyoosha kidole chenye maji ya samaki
akamsugua yule mtu shavuni, kama anamfuta mtoto uji.
Wino haukutoka.
Gamba moja likabaki pale, linang'aa.

"Imba wa huyu."

Nikaimba. Haukuwa na mwezi.
Ulikuwa wa mtu anayedaiwa kodi ya chumba,
mwenye nyumba anagonga, naye amejificha ndani ya kabati,
na kutoka kabatini anamjibu mwenye nyumba
kwa sauti ya mwenye nyumba.
Nilikosea noti nyingi. Shangazi alishika mapigo
kwa mpini wa kisu ubavuni mwa beseni,
akawahi pale nilipochelewa,
na kwenye kiitikio akanipita kabisa,
kwa Kisukuma, matusi ya kwake.

"Ala! Kumbe manju alikuwamo," akasema.
Akamvuta sato wa pili.
Karatasi nikaianika dirishani, na gamba lake.