Kinga na Kinga

Februari, Vermont. Theluji imetufika magotini.
Shangazi Delphine anatangulia, taa kichwani,
mimi nyuma na daftari. Kalamu ni ya risasi,
wino huganda humu.
Mgodi huu ulimpa babake shaba, na kikohozi.
Sasa unalaza popo.

"Usipumue kwa nguvu," ananong'ona.
"Pumzi yako kwao ni kiangazi."

Wananing'inia darini, umande umewalowesha manyoya.
Mwenye akiba ndogo hufunga duka:
joto limezimwa, njaa imezimwa,
hata askari wa damu wamepewa likizo hadi Aprili.
Nani angevamia nyumba yenye baridi hivi?

Kuvu.
Haitaki joto, haitaki jua.
Ilimpaka kila mmoja weupe puani
kama mtoto aliyeiba unga,
ikashusha mizizi ndani ya mbawa.
Wakaamka na kiu katikati ya majira,
wakatoka mchana kweupe kuwinda wadudu
ambao bado ni mayai chini ya barafu.
Mwaka ule Delphine aliwaokota uani
kwa koleo la majivu.

Na waliofika machipuko?
Hapo ndipo ninapokwama.
Joto lilirudi, askari wakaamshwa kwa mpigo,
wakamkuta adui kitandani,
wakachoma kitanda.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Niliisema methali hii miaka mingi
nikidhani inahusu kuni.

Shangazi ameketi juu ya gogo, anasugua vidole.
"Yangu haijui likizo," anasema.
"Usiku kucha inavipiga vifundo vyangu
kama vimeiba kitu."
Kila Jumapili humeza vidonge vya kuisinzisha,
kisha huogopa mafua ya wajukuu.

Daftari, ukurasa wa kwanza: elfu tatu mia nne na kumi na mbili.
Leo: hamsini na nane.

"Ngoja."
Ndani ya ufa, nyuma ya msumari wa reli,
mmoja zaidi, jike, na pete mkononi.
Namba 0417. Delphine alimvisha mwenyewe
kabla ya tauni, vidole vyake vikiwa bado vimenyooka.
Mbawa zina makovu kama karatasi iliyoponea motoni.
Tumbo nono, la mviringo.
"Wewe ulifanyaje?"
Popo hakusema kitu. Alikuwa amelala,
na pengine ndivyo alivyofanya.

Nje tunatumbukiza buti kwenye ndoo ya dawa.
"Labda tuliileta sisi," anasema, "kwenye soli,"
na anasugua kisigino muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Garini nimeandika: 59, waliopona.
Anavaa miwani, anasoma, ananirudishia.
"Futa silabi ya mwisho."
Nafuta.
59, waliopo.