Palipokataa Rangi

Baba alikichonga, hakukitia rangi.
Kitako cha mkunazi, mti ulioangushwa na wadi
mwaka ule maji yalipoingia dukani kwa ami Muhenna
yakatoka na magunia mawili ya mchele.
Miezi saba patasi, miezi miwili msasa,
halafu kifua, halafu hospitali,
halafu majani ya mkunazi mwingine, tuliyoyaponda
tukayatia kwenye maji ya kumkoshea.

Sasa ami anataka bunduki. Alhamisi ya wiki ijayo
Azzan anaoa; wanaume watasimama safu mbili,
watarusha silaha juu na kuzidaka.
"Mtutu tunao," kasema. "Mti umalize wewe.
Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia taa."

Nikaenda soko la wanawake la Ibra,
nikanunua maganda ya komamanga, kilo na nusu,
makavu, yakigongana yanalia kama vigae.
Bi Zuwena akauliza, tumbo la nani linauma?
Nikamwambia: la bunduki.

Kwanza maji matupu. Mti ukilowa husimamisha malaika
kama mkono wa mtu aliyeitwa jina lake gizani.
Unauacha ukauke, unaunyoa kwa msasa mwepesi,
unaulowesha tena. Mara tatu,
mpaka usiwe na la kushtukia.

Kisha maganda, yaliyochemka tangu alfajiri,
rangi ya chai iliyosahauliwa.
Kisha siki niliyolaza misumari ya kutu.
Kitambaa kimepita mara moja tu
na njano ikageuka mbele ya macho yangu,
kijivu, zambarau, halafu nyeusi,
nyeusi ya kisu kilichomenya ndizi mbichi.

Ila pahala pamoja.
Upande wa kushoto, juu, upana wa kiganja cha mtoto,
pamebaki rangi ya mkate.
Nikarudia maganda. Nikarudia siki.
Maji yanajikusanya matone, yanateleza, yanashuka.

Nikainama kunusa,
nikacheka peke yangu uani.
Nazi.

Baba na ndevu zake! Miaka arubaini na tatu bara Arabu
hakuacha kuzipaka mafuta ya nazi ya Pemba.
Akimwagiza kila msafiri, jamaa na asiye jamaa;
yakija kwenye chupa za maji ya kunywa,
vifuniko vimezungushiwa gundi ya karatasi.
Msikitini wakimjua kabla hajavua viatu:
"Zinjibari kaja," na yeye akijibu salamu ndefu.
Na kila jioni ya ile miezi tisa
alikiinua kitako, akalaza shavu, akafumba jicho moja,
akalenga tangi la maji la jirani.
"Bado," akasema, akakwangua kidogo.
Bado. Bado.
Na mafuta yakiingia.

Ami amekuja, amepaona.
Kwangua, amesema, watu watadhani ni ugonjwa.
Nikachukua kisu. Kweli nilichukua.
Nilikwangua upana wa punje ya mchele,
harufu ikatoka mbichi, ya jana,
nikakirudisha kisu jikoni.

Nimepaka mafuta ya kitani, siku moja tabaka moja,
nikisugua kwa kiganja mpaka kiganja kiwake.
Weusi umezama, umepata kina.
Pale pamekuwa asali.

Alhamisi Azzan aliirusha juu kupita taa za uwanja.
Ikazunguka: nyeusi, nyeusi, doa, nyeusi.
Aliidaka kwa mkono mmoja,
vigelegele vikapanda
na mimi sikumtazama hata bwana harusi.

Jumamosi wameirudisha.
Ina mkwaruzo chini, karibu na skrubu;
nani kaiangusha, hakuna anayejua.
Sufuria ya komamanga bado ipo uani, imefanya utando.
Nimeuondoa kwa kijiko.
Natafuta msasa.